Dozi ya kutembea: kisa cha mama lishe aliyeandikiwa mazoezi katikati ya dripu za saratani

Barua ya rufaa iliyomleta kwetu ilikuwa na mstari mmoja: bega la kushoto halipandi, fiziotherapia tafadhali. Kwenye kitabu chake cha kliniki, kurasa chache nyuma, yalikuwapo maagizo aliyopewa siku aliporuhusiwa kutoka wodini baada ya upasuaji: apumzike, aepuke kazi nzito, mkono wa kushoto asiutumie. Maagizo hayo yalikuwa na umri wa wiki kumi, na yeye aliyafuata yote bila kuruka hata moja.

Nakiandika kisa hiki kwa wenzangu wa fiziotherapia, kwa manesi wa wodi za saratani na kwa madaktari wanaotia saini ruhusa za kwenda nyumbani. Mazoezi kwa mgonjwa wa saratani ya matiti aliye kwenye matibabu ni dawa, na dawa ina dozi: mara ngapi, kwa muda gani, kwa ukali gani, zoezi lipi, na lini aache. "Fanya mazoezi mepesi mepesi" si dozi. Na "pumzika" nayo ni dawa, yenye madhara yake, tena tunaiandika ovyo kuliko zote.

Mgonjwa

Ni mama wa miaka 46, mama lishe, mkazi wa Tanga. Ameridhia kisa chake kiandikwe, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Saratani ilikuwa titi la kushoto, hatua ya tatu, ya aina inayoitikia homoni, HER2 hasi, yaani isiyo na wingi wa protini iitwayo HER2. Aliondolewa titi lote pamoja na tezi 14 za kwapani, na tezi 4 kati ya hizo zilikutwa na saratani. Baada ya kidonda kupona akapangiwa dripu nane za tibakemikali, kila moja baada ya siku 21: nne za kwanza za doksorubisini na saiklofosfamaidi, nne za mwisho za paklitakseli. Kisha mionzi, kisha vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia homoni, kwa miaka. Alipoingia chumbani kwangu alikuwa amekwisha kupata dripu mbili za ile dawa nyekundu, doksorubisini.

Aliingia polepole, mkono wa kushoto ameushika kwa wa kulia, kiwiko amekibana ubavuni. Wifi yake alikuwa nyuma, amembebea mkoba, kitabu cha kliniki na chupa ya maji. Nilimwomba anisimulie siku yake tangu inaanza hadi inakwisha. Haikuchukua muda. Anaamka, analetewa uji kitandani, analala. Anaamshwa kula, analala. Jioni anatolewa barazani akae kidogo, anarudishwa ndani. Kuoga anasaidiwa. Huyu ni mtu aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa chapati na kuinjika maharage, na sasa hata kikombe cha chai haruhusiwi kukiinua kwa mkono wa kushoto.

"Nalala mchana kutwa, daktari, na bado nimechoka," alisema. Nilipomwomba apime uchovu wake kwa namba, sifuri ukiwa hakuna na kumi ukiwa usiovumilika, alisema saba.

Sentensi hiyo ya kulala na bado kuchoka nimeisikia kwa wagonjwa wengi, na ndiyo inayoutambulisha uchovu wa saratani. Hauishi kwa usingizi. Mgonjwa akilala zaidi misuli inapungua, moyo na mapafu vinazoea kazi ndogo, na safari ya kwenda chooni iliyokuwa rahisi wiki iliyopita inamtoa jasho wiki hii. Yeye na jamaa zake wanalitafsiri jasho hilo kuwa ugonjwa umezidi, basi wanamlaza zaidi. Ni duara, na mahali pa kulikatia ni kwenye kulala.

Hili halina ubishi mkubwa tena miongoni mwa wanaolifuatilia. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutanishwa na chama cha tiba ya michezo cha Marekani, ACSM, na mwaka 2019 wakatoa mapendekezo: zoezi la pumzi kama kutembea kwa haraka dakika 30, mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni na kuinua uwezo wa mwili kwa watu wenye saratani. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kikaweka kwenye mwongozo wake kwamba mgonjwa anayetibiwa kwa lengo la kupona ashauriwe kufanya aina zote mbili wakati matibabu yanaendelea. Wakati yanaendelea. Hapo ndipo wengi wetu bado tunasitasita, tunamwambia mgonjwa amalize dripu kwanza, ndipo aanze kujijenga.

Nilichokitafuta kabla ya kuandika chochote

Dozi ya mazoezi haianzi na zoezi. Niliomba majibu ya damu ya karibuni zaidi: hemoglobini 9.8, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, 212,000. Hemoglobini hiyo ni ya chini lakini haimzuii mtu kutembea. Ingeshuka chini ya 8 ningemrudisha kwa daktari kabla ya kumwongezea chochote. Chembe sahani zikiwa chini ya 50,000 huwa sitoi mazoezi ya kuinua uzito, na zikishuka chini ya 20,000 basi ni kunyoosha viungo na kusogea ndani ya nyumba tu, kwa hofu ya kuvuja damu. Kwa kuwa doksorubisini inaweza kudhuru misuli ya moyo, niliuliza kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kilikuwepo, kilifanywa kabla ya dripu ya kwanza, na moyo ulikuwa ukisukuma vizuri. Shinikizo la damu nilipima mkono wa kulia: 128 kwa 82. Mapigo ya moyo akiwa amekaa yalikuwa 96.

Hayo mapigo 96 yana maana kwa dozi. Mtu mwenye damu pungufu, aliyelala wiki nyingi, anayepata doksorubisini, moyo wake unakwenda mbio kabla hajainuka kitini. Ukimwekea kiwango cha mazoezi kwa hesabu ya mapigo utamkosea juu au chini. Kwa wagonjwa wa dripu natumia vipimo viwili visivyotaka mashine: namba ya ugumu anayoisikia yeye mwenyewe, kutoka 0 hadi 10, na mazungumzo.

Kilichonizuia ni mgongo. Alisema kiuno kinamuuma karibu mwezi sasa, na alilisema kwa kupita tu, kama jambo dogo. Saratani ya matiti ikisambaa hupenda mifupa, hasa uti wa mgongo, nyonga na sehemu ya juu ya paja, na mfupa uliodhoofishwa hauvumilii uzito wala kuinama kwa nguvu. Nikamuuliza kama maumivu yanamwamsha usiku, kama yanaongezeka wiki hadi wiki hata akiwa ametulia, kama miguu imekuwa mizito au ina ganzi, kama haja ndogo au kubwa imebadilika. Yote alikana. Hata hivyo nilimwandikia daktari wake wa saratani aangalie tena picha za CT za kifua na tumbo akizingatia mifupa, na mpaka jibu liliporudi nilimpa kutembea kwenye tambarare na kunyoosha bega tu. Picha zilikuwa safi. Chanzo cha maumivu kilikuwa godoro lililobonyea katikati na wiki nyingi za kulalia upande mmoja. Nasisitiza hapa kwa sababu haraka ya kumwinua mgonjwa isitupitishe juu ya swali hili: kwa mgonjwa wa hatua ya tatu, maumivu ya mfupa yana haki ya kuchunguzwa kabla ya kupewa dumbeli.

Bega lenyewe: kuinua mkono kwa mbele digrii 105, kwa upande digrii 85. Nilipomnyoosha, kamba ilitokeza chini ya ngozi kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, inaonekana kwa macho na kuguswa kwa kidole. Yeye alidhani ni mshipa uliokatwa vibaya. Wifi alidhani ugonjwa umerudi. Si lolote kati ya hayo. Kamba hizi hutokea kwa wanawake wengi baada ya tezi za kwapani kuondolewa, hazina hatari, na hulegea kwa kunyooshwa. Kuwaeleza hivyo tu kulimfanya ashushe pumzi na kuachia kiwiko.

Mzingo wa mikono niliupima kwa tepu ya fundi cherehani kila sentimita 10 kutoka kifundo cha mkono: tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia ilikuwa nusu sentimita. Hakuna uvimbe. Kukaa na kusimama kwenye kiti kwa sekunde 30, bila kutumia mikono, aliweza mara 9. Kutembea kwa dakika 6 kwenye korido, mita 340.

Bega lilikuwa na tarehe yake ya mwisho. Mgonjwa wa mionzi ya kifua hulazwa chali, mkono umeinuliwa juu ya kichwa na kushikizwa kwenye kibao, na hapo asitikisike mpaka mashine imalize. Bega linaloishia digrii 85 halifiki kwenye kibao. Hapo ama mionzi inacheleweshwa, ama mgonjwa anavumilia maumivu makali kila siku ya matibabu. Tulikuwa na miezi mitano hivi.

Kadi

Nilimuuliza anataka aweze kufanya nini. "Nikande unga wangu mwenyewe." Nikaandika kwa mkono, kwa maneno anayoyasoma yeye, kwenye kadi ngumu ya kliniki:

Kutembea: siku 5 kwa wiki. Dakika 10 alfajiri, dakika 10 jioni jua likishapoa. Mwendo uwe wa kuweza kusimulia habari lakini kushindwa kuimba kaswida. Ugumu 3 hadi 4 kati ya 10.

Nguvu: Jumatatu na Alhamisi. Kukaa na kusimama kitini mara 8. Kusukuma ukuta mara 8. Kuvuta mpira mara 8 kila mkono. Kuinua chupa ya maji ya nusu lita mara 10 kila mkono, na wa kushoto pia. Kila zoezi raundi 2, kati ya raundi pumzika mpaka pumzi irudi.

Bega: asubuhi na jioni. Lala chali, shika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, peleka juu ya kichwa taratibu, hesabu hadi 10, rudisha, mara 10. Kisha simama upande wa ukuta, tambaza vidole kupanda, weka alama ya chaki ulipofika.

Usifanye, na piga simu: homa ya 38 au zaidi, kifua kubana, pumzi kukata umekaa, kizunguzungu, damu puani au kwenye fizi, mguu mmoja kuvimba, maumivu mapya ya mfupa. Ukiwa umetapika au kuharisha tangu jana, leo pumzika.

Mpira ni tyubu kuukuu ya baiskeli, iliyooshwa, ikafungwa kwenye nguzo ya baraza. Ninazo bendi nzuri za rangi kabatini, lakini zikikatika hana pa kupata nyingine, na tyubu zipo kwa fundi yeyote. Uzito unaanzia chupa ya nusu lita, unakwenda lita moja na nusu, halafu dumu la lita 3, halafu la 5. Kanuni ya kupanda: ukimaliza raundi na kuhisi ungeweza kuongeza tatu au nne, ongeza idadi hadi 12 kwanza, ndipo uzito. Kwa mkono wa kushoto, hatua moja ndogo kwa wakati, na tu baada ya vipindi viwili mfululizo ambavyo mkono haukuwa mzito wala kubana.

Nyuma ya kadi nilichora siku 21 za dripu. Wagonjwa wengi huacha mazoezi hapa: wanapewa dozi moja ya kila siku, siku ya tano baada ya dripu wanashindwa, wanajiona wameshindwa kabisa, wanaacha. Mzunguko wa dripu si bapa. Siku mbili tatu za mwanzo, vidonge vya deksamethasoni, vya kuzuia kichefuchefu na vinavyochangamsha mwili, bado vikiwa mwilini, alikuwa na nguvu za kuazima. Hapo nilimwekea nusu ya dozi na kumkataza kuzimaliza. Siku ya 4 hadi ya 6 ndizo mbaya zaidi kwake: dakika 5 uani, mara tatu kwa siku, na kusimama kitini mara 5, basi. Kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 hivi chembe nyeupe huwa chini kabisa. Mazoezi yanaendelea, lakini alfajiri wakati njia ni tupu, si sokoni, si kwenye daladala, na hamshiki mkono mtu. Wiki ya tatu ndiyo ya kupanda. Kila ongezeko la dozi lilifanyika katika wiki hiyo na si nyingine.

Wifi

Wifi alisikiliza yote kimya, halafu akasema, "Daktari, huyu ni mgonjwa. Watu wakimuona anazunguka mtaani alfajiri watasema tumemtelekeza."

Alikuwa anasema kweli. Mtaani, upendo kwa mgonjwa unaonekana kwa kumlaza, kumlisha na kumpokea kila kilicho mkononi mwake. Familia inayomtembeza mgonjwa wa saratani inaweza kusemwa. Ukimpa mgonjwa kadi bila kuzungumza na wifi, mama mkwe au dada aliyemleta, kadi itabaki chini ya mto. Nilimwambia, "Dada, kazi hii nakukabidhi wewe." Akawa ndiye mshika kadi: anatembea naye, anaweka alama ya vema kwenye kila siku, anapima homa kabla hawajatoka. Kwa majirani akatafuta jibu lake mwenyewe, kwamba ni agizo la hospitali, lina kadi na mhuri. Mhuri ule, ambao kwangu ulikuwa utaratibu tu wa ofisi, ulifanya kazi kuliko maelezo yangu yote. Tangu hapo kila kadi ya mazoezi naigonga mhuri.

Hofu ya mkono

Hofu kubwa zaidi, na iliyoandikwa mpaka kwenye kitabu cha kliniki, ilikuwa mkono kuvimba. Mtu aliyeondolewa tezi za kwapani yuko kwenye hatari hiyo maisha yake yote, na kwa miaka mingi wanawake waliambiwa wasinyanyue kitu. Mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, daktari wa tiba ya michezo Don McKenzie aliwakusanya wanawake 24 waliowahi kutibiwa saratani ya matiti, akawafundisha kupiga makasia kwenye mashua ndefu za mashindano, kazi nzito ya mikono tena ya kurudiarudia, kupingana na imani hiyo waziwazi. Mikono yao haikuvimba.

Ushahidi mzito ulikuja baadaye kutoka Marekani kwa Kathryn Schmitz na wenzake. Mwaka 2009 walitoa matokeo ya wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kuvimba. Nusu walifundishwa kuinua uzito mara mbili kwa wiki, kuanzia uzito mdogo na kupanda polepole, wamevaa soksi ya mkono, ile inayobana kuzuia uvimbe, nusu hawakufundishwa. Baada ya mwaka, uvimbe haukuongezeka kwa wanyanyuaji kuliko kwa wengine, na waliopatwa na vipindi vya kuzidiwa walikuwa asilimia 14 dhidi ya 29. Mwaka uliofuata wakatoa matokeo ya wanawake 154 ambao bado hawajavimba: waliopata uvimbe walikuwa asilimia 11 kati ya walioinua uzito na 17 kati ya wasioinua. Kwa walioondolewa tezi tano au zaidi, kama mama huyu, ilikuwa 7 dhidi ya 22.

Usome vizuri masharti ya takwimu hizi: uzito mdogo, hatua ndogo, usimamizi mwanzoni, kurudi nyuma ukikatiza. Hazisemi mama atoke kitandani akabebe ndoo ya lita 20 kichwani. Zinasema mkono uliozoeshwa taratibu ni salama zaidi kuliko mkono uliofungwa ubavuni, kwa sababu hakuna mwanamke wa kwetu atakayeishi miaka 20 bila kufua, bila kusonga ugali na bila kubeba mtoto. Mzigo utakuja. Swali ni kama utamkuta mkono umejiandaa.

Mambo yalivyokwenda

Dripu ya tatu ilikwenda vizuri hadi siku ya kumi. Alfajiri hiyo wifi alipima homa kabla ya kutoka, ikawa 38.4. Hawakutembea, walikwenda hospitali. Neutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi, zilikuwa 600 tu, akalazwa na kuwekewa antibiotiki za mshipa, na dripu ya nne ikasogezwa wiki moja. Kwangu mimi, kadi ilifanya kazi yake kubwa kuliko zote siku hiyo. Hakuna kilomita ya kutembea yenye thamani ya kuchelewa saa sita na homa ya namna hiyo. Homa iliposhuka na daktari wa wodi aliporidhia, akaanza kula akiwa amekaa kitini badala ya kitandani, na kuinuka mara tano kila baada ya chakula. Aliporudi nyumbani tulianza tena na nusu ya dozi aliyoiacha.

Paklitakseli ilileta mambo mengine. Siku ya tatu hadi ya tano misuli na viungo vilimuuma mwili mzima. Kutembea kidogo kidogo kulimpa nafuu kuliko kulala, ila mazoezi ya nguvu tuliyaruka siku hizo. Kisha ikaja ganzi ya nyayo na ncha za vidole. Nilimfumba macho nikagusa vidole vya miguu kwa pamba, akawa hajui ni kidole kipi. Mtu asiyesikia ardhi vizuri huanguka, na kandambili humwangusha upesi zaidi. Njia ya mchanga na mashimo tukaiacha, tukahamia barabara ya lami alfajiri. Kandambili zikabadilishwa na raba za kufunga kamba. Nikaongeza kusimama kwa mguu mmoja, kidole kimoja kikigusa ukuta, na kutembea kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha mbele. Kila jioni wifi alimkagua nyayo kutafuta jeraha asilolisikia.

Mkono ulitushtua mara moja. Katikati ya dripu ya sita alikuja akisema kiganja kizito na pete ya kidole cha kushoto haitoki. Kipimo kikasema tofauti ya sentimita 1.6 kwenye mkono wa mbele, kutoka nusu sentimita. Hapakuwa na wekundu, joto wala homa, na daktari aliondoa shaka ya damu kuganda. Nilipouliza wiki ilikwendaje, ikajulikana: siku ya Jumamosi alijisikia vizuri mno, akafua blanketi mbili kwa mikono na kuzikamua. Kwenye kadi alikuwa amefikia chupa ya lita moja na nusu. Blanketi lililolowa maji ni mzigo wa daraja nyingine kabisa.

Ingekuwa rahisi kuyalaumu mazoezi na kurudi kwenye "mkono usiutumie". Wifi alikuwa tayari. Tulichofanya ni kusimamisha uzito wa mkono wa kushoto tu, kuendelea na miguu, kutembea na kunyoosha bega, kumtunza ngozi isichanike, na kutafuta soksi ya mkono, iliyopatikana Dar es Salaam. Mkono ulipoacha kuwa mzito alianza tena na chupa ya nusu lita, amevaa soksi. Nilipima kila wiki; ilishuka hadi 0.9 na ikakaa hapo. Kwenye kadi nikaongeza mstari ambao sasa naandika kwa kila mgonjwa: kazi za nyumbani ni sehemu ya dozi; kufua, kutwanga, kukuna nazi na kuteka maji kuhesabiwe kama zoezi la siku hiyo, na kupande kwa hatua zilezile.

Siku tulipopima baada ya dripu ya nane, aliinuka kitini mara 14 badala ya 9. Dakika 6 zilimpeleka mita 425. Mkono ulipanda kwa upande digrii 155, alama ya chaki ukutani imempita kimo. Uchovu alisema nne. Uzito wa mwili haukupungua; uliongezeka kilo mbili, na ganzi ya nyayo ilikuwa bado ipo. Alimaliza dripu zote nane, moja ikiwa imechelewa.

Sitasema mazoezi ndiyo yaliyommalizisha dripu. Mgonjwa mmoja hawezi kuthibitisha hilo, na bega lingeweza kufunguka kwa kunyooshwa peke yake. Lakini lipo la kufikiria: katika utafiti uliofanyika Kanada kwa wanawake 242 waliokuwa kwenye tibakemikali ya saratani ya matiti, uliochapishwa mwaka 2007 na Kerry Courneya na wenzake, waliofanya mazoezi ya nguvu walipata wastani wa asilimia 89.8 ya dozi za dawa walizopangiwa, na waliobaki na huduma ya kawaida asilimia 84.1. Lengo kuu la utafiti halikuwa hilo, lilikuwa ubora wa maisha, na huko tofauti haikuwa ya uhakika. Hata hivyo uwezekano kwamba msuli wa paja unamsaidia mtu kustahimili dozi kamili ya dawa yake, kwa gharama ya kiti na tyubu, unanitosha kutoendelea kuandika "apumzike".

Mionzi alipigwa kwa tarehe iliyopangwa. Mkono ulifika kwenye kibao. Wiki hizo za mionzi alipanga kwa ndugu Dar es Salaam, na kadi ilisafiri naye. Tulibadilisha saa za kutembea tu, kwa sababu ya foleni za asubuhi, na kusimamisha kusukuma ukuta ngozi ya kifua ilipoanza kuwa nyekundu na kuuma, mpaka ilipotulia. Kunyoosha bega hakukusimama hata siku moja, kwa kuwa mionzi hukaza tishu za kifua kwa miezi mingi baada ya kwisha, na bega lililofunguka linaweza kufunga tena.

Sasa yuko kwenye tamoksifeni. Dawa hii huongeza hatari ya damu kuganda kwenye miguu, kwa hiyo mstari wa "mguu mmoja kuvimba" umebaki kwenye kadi na nimeupigia mstari mwekundu. Anatembea dakika 30, siku tano, bila wifi. Mkono unapimwa kila baada ya miezi mitatu. Anakanda unga kilo mbili kwa asubuhi, zamani ilikuwa tano. Anaanza kwa mkono wa kulia, wa kushoto unaingia unga ukishashikana. Amefika dumu la lita 5. Ameniuliza lini atabeba ndoo ya lita 20, na nimemwandikia hatua zinazofuata: lita 7 mkononi hadi vipindi viwili vipite salama, kisha 10, kisha tupime mkono na shingo kabla ya kuweka chochote kichwani.